Mshiko Usiotetereka: Mwongozo Kamili wa Kuimarisha Misuli ya Kigasha Inayolinda Kifundo cha Mkono

Kabla hujasoma zaidi, fanya jambo moja. Weka mkono wa kulia mezani, kiganja kikitazama chini. Kwa vidole vya mkono wa kushoto, gusa kigasha, yaani ile sehemu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Gusa upande wa juu, upana wa vidole vitatu hivi kutoka kwenye kiwiko. Sasa kunja ngumi taratibu, kisha ikaze kwa nguvu zako zote.

Umeuhisi msuli ukivimba chini ya vidole vyako? Msuli huo haukunji kidole hata kimoja. Kazi yake ni kuinua mgongo wa kiganja. Mbona basi unakakamaa wakati unachofanya ni kufumba ngumi?

Mimi hufanya kazi ya fiziotherapia hapa Nairobi, na swali hilo ndilo ninaloanza nalo kwa karibu kila anayekuja akilalamikia kifundo. Wengi wao hawajawahi kushika raketi ya tenisi. Ni kina mama wanaofulia watu nguo, wapishi wa chapati, waendeshaji wa boda boda, mafundi wa Kamukunji wanaogonga mabati tangu asubuhi hadi jua linapotua, na siku hizi vijana wanaokesha kwenye kompyuta. Karibu wote wameambiwa na mtu wafinye mpira ili mkono upate nguvu. Hata mimi nilikuwa nikitoa ushauri huo nilipoanza kazi, na niliona wagonjwa wakirudi baada ya wiki tatu maumivu yakiwa yamezidi. Kufinya huongeza nguvu upande ambao tayari una nguvu. Inayohitaji msaada ni misuli ya upande wa pili, inayokishikilia kifundo kisiporomoke.

Kifundo hakijisimamii chenyewe

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, imepangwa safu mbili. Ile safu iliyo karibu na kigasha ina ajabu yake: hakuna msuli unaojishikiza kwenye mifupa yake, isipokuwa kimfupa kimoja cha mviringo kama punje ya njegere, unachoweza kukipapasa chini ya kiganja upande wa kidole cha mwisho. Iliyobaki hubebwa tu. Inasogea kwa sababu kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, zinapita juu yake na chini yake kwenda kushika mifupa ya kiganja iliyo mbele.

Fikiria hema la harusi. Nguzo ya katikati husimama kwa sababu kamba zimevutwa pande zote. Legeza kamba za upande mmoja na nguzo inalala upande wa pili, hata ikiwa ya chuma. Ligamenti zinazofunga mifupa ya kifundo zina kazi kubwa, maana huzuia mifupa isipite mpaka wake. Lakini uzito unaobadilika kila sekunde, kama sufuria inayochemka au usukani wa pikipiki kwenye mashimo, hupokelewa na kamba, na kamba hizo ni misuli ya kigasha.

Misuli mikuu ya kifundo chenyewe ni sita. Mitatu iko upande wa kiganja, inaanzia kwenye kinundu cha ndani cha kiwiko, na hukunja kifundo. Mmoja kati ya hiyo mitatu watu wengine hawanao kabisa, na hawapungukiwi na kitu. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha ukunje kifundo kidogo: kano inayochomoza katikati ya kifundo ndiyo yake. Isipochomoza, usiwe na wasiwasi. Mitatu mingine iko upande wa mgongo wa mkono, inaanzia kwenye kinundu cha nje cha kiwiko na ukingo ulio juu yake kidogo. Hii ndiyo huinua kiganja. Wawili kati yao hupita upande wa kidole gumba na mmoja upande wa kidole cha mwisho. Chini kabisa, karibu na kifundo, kuna msuli mwingine mpana wa pembe nne unaofunga mifupa miwili ya kigasha isiachane unapogeuza mkono.

Sasa turudi kwenye ngumi yako. Misuli inayokunja vidole pia imo kwenye kigasha, na kano zake ndefu hupita mbele ya kifundo kabla ya kufika vidoleni. Zikivuta, zinataka kukunja vidole pamoja na kifundo. Kifundo kikikubali kukunjika, kano zinalegea na nguvu inapotea njiani. Jaribu mwenyewe: kunja kifundo mbele mpaka mwisho, kisha ufinye ngumi. Hakuna nguvu, sivyo? Inua kiganja kidogo nyuma, nyuzi 20 hadi 35 hivi, ufinye tena. Hapo ndipo mshiko wa watu wengi huwa na nguvu zaidi. Misuli ya juu ya kigasha ndiyo inayokiweka kifundo katika pembe hiyo na kukizuia hapo wakati vidole vinafanya kazi.

Ushahidi ulionishawishi kuliko vitabu vyote ni mtu aliyelala usingizi mzito mkono ukining'inia juu ya mgongo wa kiti. Neva inayozunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu hubanwa usiku kucha, na akiamka kiganja kimelegea kama kitambaa. Misuli ya kukunja vidole haijaguswa, neva yake ni nyingine kabisa. Lakini mwambie ashike kikombe, hawezi. Kisha mwekee mkono wako chini ya kiganja chake, ukiinue, umwambie afinye tena. Nguvu inarudi papo hapo.

Kabla ya zoezi lolote: je, mkono wako ni wa mazoezi au wa hospitali?

Hapa sitaki mtu aharakishe. Kama ulianguka ukajikinga kwa kiganja, na sasa unaumia ukibonyeza lile shimo dogo linalotokea chini ya kidole gumba unapokinyoosha juu, nenda ukapigwe eksirei leo. Huenda mfupa wa skafoidi, mmoja wa ile minane ya kifundo, umevunjika. Mfupa huu una tabia mbaya mbili. Ufa wake unaweza usionekane kwenye picha ya kwanza, ndiyo maana daktari huweza kukufunga mkono na kukuita tena baada ya siku 10 hadi 14. Na damu huufikia kwa njia finyu, hivyo ukipuuzwa sehemu yake inaweza kufa. Nimewaona vijana wa boda boda waliokaa na maumivu hayo miezi sita wakidhani ni kuteguka tu.

Nenda pia ukiona kifundo kimevimba, chekundu na chenye joto huku una homa. Ukiamka usiku na ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati. Vitu vikikuponyoka na msuli ulio chini ya gumba ukianza kusinyaa. Au kiganja kikishindwa kabisa kuinuka. Ganzi ile ya usiku hutokana mara nyingi na neva inayopita kwenye kijinjia chembamba cha kifundo pamoja na kano 9, na mazoezi ya nguvu peke yake hayaitibu.

Kama hakuna lolote kati ya hayo, endelea.

Hatua ya kwanza: jipime na uandike

Keti, weka kigasha juu ya meza, kiganja kikitazama chini, mkono ukitokeza nje ya ukingo wa meza kuanzia kwenye kifundo. Shika chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, ambayo ni kama nusu kilo. Nyoosha kifundo kiwe sawa na kigasha, kisha uhesabu sekunde mpaka kianze kushuka au kutetemeka. Pumzika dakika moja, geuza kiganja kitazame juu, urudie. Fanya mikono yote miwili.

Utashangaa. Mtu anayebeba jerikani ya lita 20 hadi ghorofa ya nne mifereji ikikauka anaweza kushindwa kufika sekunde 40 kiganja kikitazama chini. Andika namba zote nne mahali hutazipoteza. Andika pia maumivu, kutoka 0 mpaka 10.

Kuhusu maumivu, kanuni ninayowapa watu wangu ni hii: wakati wa zoezi yasizidi 3, na kesho yake asubuhi mkono uwe kama ulivyokuwa jana. Ukiamka umezidi kuuma, hukukosea kufanya zoezi, ulikosea kipimo. Punguza nusu.

Hatua ya pili: kushikilia bila kusogea (wiki ya 1 na ya 2)

Kano iliyochoka hupenda kazi tulivu. Weka kigasha mezani, kiganja chini. Weka kiganja cha mkono wa pili juu ya mgongo wa mkono huo. Sukuma juu kwa mkono wa chini huku wa juu ukizuia, na kifundo kisisogee hata kidogo. Anza na nusu ya nguvu zako. Shikilia sekunde 30, pumzika dakika moja, rudia mara 5. Kisha geuza kiganja juu ufanye vivyo hivyo mara 3. Halafu simamisha mkono kwa ubavu, gumba likitazama juu, uzuie kwa juu na kwa chini, mara 3 kila upande.

Angalia vidole vyako wakati unafanya. Vikijifumba, umeanza kusaidiwa na misuli ya vidole. Viache vilegee kama mkono wa mtoto aliyelala. Hilo peke yake huwachukua watu siku kadhaa kulizoea.

Fanya kila siku, hata mara mbili kwa siku kama hakuna maumivu ya asubuhi.

Hatua ya tatu: kushusha polepole (wiki ya 3 hadi ya 6)

Sehemu hii ndiyo inayojenga, na ndiyo watu wanaoiharibu kwa haraka. Kaa kama wakati wa kipimo, chupa mkononi, kiganja chini. Kwa mkono wa pili, saidia kuinua chupa mpaka mgongo wa kiganja umeinuka. Achia, kisha ishushe mwenyewe ukihesabu moja, mbili, tatu, nne. Chupa ikishuka kwa sekunde moja, hilo ni tone limeanguka, zoezi halijafanyika. Rudia mara 12 hadi 15, raundi 3, siku moja ndiyo siku moja hapana.

Uzuri wa chupa ni kwamba unaongeza maji kidogo kidogo. Anza na nusu chupa. Ukimaliza 15 mara tatu bila shida kwa siku mbili za zoezi mfululizo, ongeza maji. Ikijaa, hamia chupa ya lita moja. Pakiti ya unga ya kilo 2 ndani ya mfuko wa kubebea inaweza kufuata baadaye kwa wenye kazi nzito, lakini sijaona sababu ya mtu wa kompyuta kufika huko.

Upande wa kiganja ukitazama juu, raundi moja inatosha. Upande huo hufanya kazi siku nzima.

Ongeza raba ndogo ya kufungia noti au sukumawiki. Izungushe kwenye vidole vyote vitano karibu na kucha, ufungue mkono kama ua linavyochanua, mara 20. Ni zoezi la kufungua mkono baada ya siku nzima ya kushika.

Hatua ya nne: mwiko, nyundo na sinia

Kifundo hakiishi juu na chini tu. Tazama fundi wa mabati akigonga. Anapoinua nyundo, kiganja huelekea nyuma na upande wa gumba. Anapopiga, kinashuka mbele na upande wa kidole cha mwisho. Mstari huo wa mshazari ndio njia ya asili ya kifundo, na misuli ya pembe mbili zinazotazamana hupokezana: wa gumba kwa nyuma, wa kidole cha mwisho kwa mbele. Kwa hiyo tunaufundisha mkono kwenye mstari huohuo.

Anza na mwiko wa ugali. Shika mpini, kiwiko kikiwa kimegusa ubavu na kimekunjwa kama pembe ya meza. Geuza kiganja polepole mpaka kitazame juu, kisha kitazame chini, mara 10. Ukizoea, tumia nyundo. Ukishika karibu na chuma ni nyepesi, ukisogea mwishoni mwa mpini inakuwa nzito mara kadhaa, hivyo huhitaji kununua chochote kingine. Baadaye simama, mkono ukining'inia, kichwa cha nyundo kikitazama mbele. Inua kichwa hicho kwa kifundo tu, sio kwa bega, ushushe kwa sekunde nne. Geuza kichwa kitazame nyuma, ufanye vivyo hivyo. Mara 10 kila upande, raundi 2.

Kisha sinia, zoezi ninalolipenda kuliko yote. Weka sinia juu ya kiganja kimoja, uweke ndimu juu yake. Zungusha ndimu ifuate ukingo bila kuanguka, dakika moja kulia, dakika moja kushoto. Halijengi nguvu kubwa. Linafundisha misuli kuitikia haraka kabla kifundo hakijayumba, jambo ambalo chupa ya maji haiwezi kulifundisha. Watoto nyumbani watataka kushindana nawe. Waache.

Hatua ya tano: uzito wa mwili (wiki ya 7 hadi ya 12)

Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani usawa wa mabega, usogeze kifua karibu na ukuta na urudi, mara 12. Ukiweza bila maumivu, hamia ukingo wa meza imara, kisha sakafuni kwa magoti. Kama kifundo kinauma ukikilaza nyuma kabisa, usilazimishe. Kunja ngumi usimame juu ya ngumi, kifundo kikiwa kimenyooka.

Siku nyingine beba jerikani ya lita 5 kila mkono na utembee sekunde 40, kifundo kikiwa sawa na kigasha, kisikunjwe kuelekea paja. Ongeza lita kadiri unavyoweza. Kano hubadilika polepole kuliko misuli, kwa hiyo hata ukijisikia mzima wiki ya 5, maliza zile 12.

Kuipeleka nguvu kazini

Mama mmoja anayefua nguo alinijia akishika mkono wa kulia kama mtoto mchanga. "Daktari, mkono umeisha. Hata kikombe cha chai kinaniponyoka." Maumivu yake yalikuwa nje ya kiwiko, kifundo chenyewe kilikuwa kimechoka tu. Nikamwambia, "Pole sana mama. Hebu nikamulie hii taulo nione."

Alishika taulo la maji ncha mbili, akasokota. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjwa nyuma mpaka mwisho, wa kulia umeangukia mbele mpaka mwisho, na vidole vyake vilikuwa vimekaza hadi kucha zikabadilika rangi. Pale nilipokuwa nimeketi niliona msuli wa nje wa kigasha cha kulia ukitetemeka kama uzi wa gitaa. Alikuwa anaushurutisha ukizuie kifundo kisianguke zaidi, katika pembe ambayo hauwezi. Ukifanya hivyo kwa shuka, jinzi na mataulo ya nyumba nzima, siku tano kwa wiki, kano yake pale kwenye kiwiko huchakaa.

Tulibadilisha mkao kabla hata ya zoezi la kwanza. Zungusha nguo kwenye bomba la maji au kwenye nguzo imara ya kamba, ushike ncha mbili kwa mkono mmoja juu ya mwingine, vifundo vikiwa vimenyooka, kisha usokote kwa kugeuza vigasha na mwili huku ukiegemea nyuma. Kamua vipande vifupi. Blanketi usilikamue kwa mikono kabisa. Likanyage kwenye karai, liache lichuruzike juu ya kamba nusu saa, ndipo ubane ncha za chini.

Kwa wa boda boda, tatizo ni mkono wa mafuta. Ukishika kishikio kiwiko kikiwa chini, lazima ukunje kifundo nyuma sana ili kuvuta, na unakaa hivyo kutoka Githurai hadi mjini. Simamisha pikipiki, inua kiwiko kidogo, shika kishikio ukiwa bado hujavuta mafuta huku kifundo kimeinama mbele kidogo. Ukivuta mpaka mwendo wako wa kawaida, kifundo kitakuwa kimenyooka. Kwenye taa nyekundu, fungua vidole vyote.

Mpishi wa chapati akande unga kwa ngumi na kigasha badala ya kiganja kilicholazwa nyuma, na meza iwe chini kidogo ya kiwiko ili uzito wa mwili ufanye kazi. Wakati wa kusukuma, kifimbo kizunguke chini ya viganja vilivyo wazi. Anayekishika kwa vidole anachosha kigasha bure. Wa kompyuta ashushe kibodi au ainue kiti mpaka kigasha kilale sawa, basi.

Kuhusu bandeji ya kifundo, naulizwa kila wiki: inavaliwa lini? Wakati wa kazi nzito au safari ndefu, na uivue ukimaliza. Ukilala nayo siku zote bila kushauriwa, misuli inakaa bila kazi na unarudi nyuma.

Mwisho wa wiki ya 12, keti tena mezani na chupa ileile ya nusu lita, hesabu sekunde, ulinganishe na zile namba nne. Yule mama alianza na sekunde 18 kiganja cha kulia kikitazama chini. Alipojipima mara ya mwisho alifika 70, akaiweka chupa chini mwenyewe kwa sababu ilikuwa saa ya kwenda kazini. Sasa anafanya chupa na nyundo Jumatano na Jumapili, raundi mbili mbili.